Upachikaji wa flashi (Linux)

Upachikaji wa flashi ni utaratibu ambao kompyuta ya Linux huunganisha flashi au diski ya nje na mti wake wa mafolda ili mafaili yasomeke. Linux haina herufi za diski kama Windows. Kila diski hupachikwa mahali fulani ndani ya mti mmoja.

Flashi ikichomekwa, kiini cha Linux (kernel) huitambua na kuipa jina, mathalani /dev/sdb1. Programu ya udev hupokea taarifa hiyo, kisha programu ya udisks huipachika kwa ombi la mazingira ya dawati: kwenye Ubuntu chini ya /media, kwenye Fedora chini ya /run/media. Seva isiyo na dawati kwa kawaida haifanyi hivyo yenyewe. Msimamizi huandika mstari kwenye faili la /etc/fstab, akitumia UUID, yaani kitambulisho cha kipekee cha flashi, kwa kuwa sdb ya leo kesho yaweza kuwa sdc. Asisahau neno nofail. Bila hilo, kompyuta inaweza kukwama inapowashwa flashi ikiwa haipo.

Vijijini, kama Ipole wilayani Sikonge, katika eneo la misafara ya kale ya Unyamwezi, flashi yaweza kuwa pagazi wa mafaili pale intaneti inapokuwa hafifu. Pagazi huyo hutuliwa mzigo kwa utaratibu: Linux huhifadhi kwanza baadhi ya data inayoandikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hivyo flashi iondolewe kwa amri ya umount au kitufe cha kuondoa, ndipo ichomolewe.