Mashine ya Mashua na Petroli Yake

Leo tunasoma habari za mashine ile inayofungwa nyuma ya mashua.

Ole Evinrude alizaliwa Norway, akakulia Marekani. Husimuliwa kwamba alipiga makasia ziwani kumpelekea mchumba wake aiskrimu, nayo ikayeyuka njiani. Mwaka 1909 akaanza kuuza mashine yake, yenye nguvu ya farasi mmoja na nusu tu. Wengine walimtangulia, lakini yake ndiyo iliyopendwa.

Mashine ya namna hiyo huitwa ya mapigo mawili. Ni nyepesi, na fundi huifungua bila taabu. Lakini ina tabia moja mbaya. Petroli mpya inapoingia na kuusukuma moshi nje, sehemu yake hutoka pamoja na moshi kabla ya kuungua. Mvuvi ameinunua, wala haikumsogeza hata shubiri moja!

Mwaka 1964 Honda ya Japani ilitoa mashine ya mapigo manne. Hii huutoa moshi kwanza, ndipo ivute petroli. Halafu mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ikaanza kupanda, na kwa miezi michache ikafika kama mara nne. Hapo watu wakaanza kuhesabu lita.

Mapigo manne ni ghali zaidi, tena nzito. Mwenye kwenda baharini kila siku huweza kuirudisha fedha yake kwa petroli anayookoa. Mwenye kwenda mara chache, sidhani. Maana gharama ya petroli hutolewa kwanza, ndipo wagawane.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: mashua yenu ilitumia lita ngapi juma hili?