Mgongo wazi: Kimo kisimpotoshe mzazi

Mgongo wazi ni kasoro ya kuzaliwa ambapo pingili za uti wa mgongo hazifungiki barabara kuzingira neva. Hutokea katika siku 28 za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito.

Kwa mzazi wa Magongo, eneo la Changamwe, Mombasa, swali huzuka kila afunguapo kijitabu cha Mama na Mtoto kliniki: mbona mwanawe ni mfupi kuliko wenzake? Ni rahisi kudhani kwamba hashibi na kumwongezea chakula.

Lakini ufupi huo una sababu zake. Misuli ya miguu isiyopata amri ya neva hudhoofika, na mifupa hurefuka polepole. Uti wa mgongo nao huweza kupinda. Baadhi ya watoto, hasa wenye kichwa maji, hupungukiwa na homoni ya ukuaji au hubaleghe mapema, yaani kabla ya miaka 8 kwa wasichana na 9 kwa wavulana. Hao hurefuka ghafla, kisha ukuaji hukoma mapema.

Ndiposa wataalamu humpima mtoto akiwa amenyoosha mikono kando, kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja hadi ya mwingine. Kipimo hicho hukaribiana na kimo ambacho angekuwa nacho lau viungo vyote vingekuwa vizima. Kwa mtoto mchanga, mzunguko wa kichwa ndio wa kuchungwa zaidi. Kikipanuka upesi, apelekwe hospitali bila kukawia.

Uzani nao una hatari yake. Mtoto asiyetembea hutumia nguvu kidogo, hivyo hunenepa upesi. Unene humfanya ashindwe na mikongojo na humletea vidonda vya kukalia asivyovihisi. Anahitaji mboga, matunda na maji zaidi, si mafuta na sukari.

Kuhusu kinga, mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa kumeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro hii amwone daktari mapema, kwani huhitaji kipimo kikubwa zaidi. Tangu 2012, sheria ya Kenya huagiza unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti utiwe virutubisho, ikiwemo asidi hiyo. Anayejisagia mahindi kinuni asitegemee kinga hiyo.