Maji ya Windhoek

Mji wa Windhoek, makao makuu ya Namibia, umesimama kwenye kimo cha mita 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo zamani chemchemi za maji moto zilifukiza mvuke hata Waherero wakapaita Otjomuise, yaani mahali pa mvuke. Lakini chemchemi hazikuutosha mji uliokua, na mito isiyokauka ya nchi ile yote imo mipakani, ule wa Okavango ukiwa mbali kiasi cha kilomita 700. Bwawa la Goreangab, lililojengwa mwaka 1958, nalo halikukidhi haja. Basi mwaka 1968, nchi ingali chini ya utawala wa Afrika Kusini, wakuu wa mji wakathubutu jambo ambalo mji mwingine wowote duniani ulikuwa haujalithubutu: maji taka ya majumbani, yakiisha kusafishwa, yarudishwe moja kwa moja katika mabomba ya kunywa.

Msomaji aliyelelewa katika adabu za tahara huenda akakunja uso, nami simlaumu. Walakini mas'ala haya yamekwisha kupita mbele ya mafakihi, kwani mwaka 1978 Baraza la Maulamaa Wakuu wa Saudia lilitoa fatwa kwamba maji yaliyoingiwa na najisi hutahirika iwapo rangi, ladha na harufu ya ile najisi zimeondoka kabisa.

Kwangu mimi, la ajabu zaidi ni kwamba kazi hiyo ya kusafisha maji taka ilitendeka Windhoek miaka 34 bila ya utando wowote wa kuchujia. Mchanga, mkaa na klorini, watumishi wa zamani, ndio walioibeba. Na chujio la kwanza kabisa halikuwa kiwandani bali katika mifereji, ambamo maji taka ya viwanda yalitengwa na yale ya majumbani yasipate kukutana.

Utando wenyewe ulikuwa umekwisha kupata sifa. Huko California, karibu na mwaka 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza ule unaozuia chumvi ya bahari na kupitisha maji. Ila huo huacha nyuma maji ya chumvi kali, na mji ulio mbali na pwani utayamwaga wapi? Kwa hiyo kiwanda kipya cha Goreangab, kilichofunguliwa mwaka 2002 chenye uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku, kilichagua utando wenye vitundu vipana kidogo, unaoziachia chumvi zipite lakini huwanasa bakteria na vimelea kama kriptosporidi, ambao kwa ugumu wa gamba lao hawaijali klorini.

Nao utando huo haukupewa nafasi ya mbele. Hutanguliwa na ozoni, na chumvi ya chuma inayokusanya uchafu mabonge mabonge, na mapovu ya hewa yanayouinua juu, na mchanga, na mkaa. Lau ungetangulizwa wenyewe, ungezibika upesi. Baada yake ni klorini, na dawa ya kupunguza ukali wa maji yasile mabomba. Na yakitoka hapo hayaendi majumbani peke yake: huchanganywa na maji ya mabwawa na visima, na desturi ni yasizidi asilimia 35 ya yale yanayofika mabombani.