Mashua ya Kushona Nyumbani

Uingereza ni nchi ya visiwa, lakini kwa muda mrefu kuendesha mashua ya tanga kwa burudani kulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mambo ya wenye nazo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mashua ndogo zilianza kushuka bei. Hata hivyo, dereva wa basi au karani wa posta bado alikuwa na swali moja: mashua yenyewe nitaitoa wapi?

Mwaka 1963 jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa: Daily Mirror, gazeti la wafanyakazi wa kawaida. Jack Holt, mbunifu wa mashua, alishirikiana na Barry Bucknell, aliyejulikana kwa kuwafundisha watu kukarabati nyumba zao kupitia televisheni. Wakatoa mashua ya mita 3.3, inayouzwa vipande vipande, kwa pauni 63 na shilingi 11. Matanga yalikuwa mekundu, rangi ya gazeti.

Siri ilikuwa kwenye ujenzi. Unachukua mbao za plaiwudi, unatoboa matundu pembeni, unazishona kwa waya wa shaba, kisha unafunika viungo kwa utepe wa faibaglasi na gundi. Si lazima uwe fundi. Watu walizijenga kwenye gereji zao, na kabla ya kugusa maji tayari walikuwa wanajua kila kiungo cha chombo chao.

Hapo msomaji wa Pwani atatabasamu. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa pia, kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Karne ya kwanza, mwandishi wa Kigiriki wa *Periplus* tayari alitaja mashua za kushonwa katika pwani hii. Mitepe ya mwisho ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Waya wa shaba si kamba ya makumbi, na hakuna haja ya kudai udugu. Lakini wazo la kushona chombo si geni kwetu hata kidogo.

Ukishaingia majini, somo la kwanza ni gumu kukubali: huwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Unakwenda mshazari, kama digrii 45 hivi, unageuza, halafu unakwenda mshazari upande wa pili. Tanga likianza kupepea ukingo wa mbele, umeuelekea upepo mno. Upepo ukizidi na mashua ikilala, legeza demani, ile kamba ya kuongozea tanga, nayo itatulia. Huko kwenda mshazari Kiswahili kinakuita kubisha, neno lilelile la mtu anayekataa kukubali. Mabaharia waliolitumia walijua upepo haushindwi kwa nguvu. Unabishana nao, huku na huku, mpaka ufike.

Zaidi ya mashua 70,000 za aina hiyo zilijengwa. Bahari ilikuwa ileile na upepo uleule. Kilichobadilika ni bei, na imani kwamba mtu wa kawaida anaweza. Leo kijana wa Mombasa huona matanga ya burudani nyuma ya geti la klabu, akadhani mchezo huu umeletwa na wageni. Maneno yake yote tunayo: omo, demani, joshi, kubisha. Kinachokosekana ni plaiwudi.