Mapele ngozi: ugonjwa unaoua ng'ombe wachache na kusimamisha biashara nzima

Kansanga ni mtaa wa Tarafa ya Makindye jijini Kampala, kando ya barabara iendayo Ggaba. Mabucha yake, kama ya mitaa mingine ya jiji, hutegemea ng'ombe wanaotoka mbali, hasa katika ukanda wa wafugaji unaoanzia Ankole kusini magharibi, ukapita Nakaseke na Nakasongola, hadi Karamoja. Ugonjwa ukitokea huko na minada ikafungwa, hasara humfikia mchuuzi, mwenye lori na mwenye bucha, hata kama hakuna ng'ombe wao aliyeugua.

Mapele ngozi ni miongoni mwa magonjwa hayo. Kwa kawaida huua ng'ombe 1 hadi 5 katika kila 100. Hasara kubwa hutokana na maziwa kupungua, mimba kutoka, madume kushindwa kupanda, ngozi kuharibika na mifugo kuzuiwa kusafiri.

Chanzo na historia

Ugonjwa husababishwa na virusi vya jamii moja na vile vya ndui ya kondoo na ndui ya mbuzi. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1929 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na mwaka 1957 ukaripotiwa Kenya. Mwaka 1988 ulifika Misri na mwaka 1989 Israel. Mwaka 2019 uliingia India, Bangladesh na China, na mwaka 2025 Italia, Ufaransa na Hispania. Oktoba 2025 Ufaransa ilisimamisha kwa siku 15 kuuza ng'ombe hai nje ya nchi ili kuuzuia.

Dalili

Ng'ombe hupata homa kali, hutokwa machozi na makamasi, na tezi zake huvimba. Kisha vinundu vigumu vya sentimeta 2 hadi 5 hujitokeza kwenye ngozi, hasa shingoni, kichwani, kwenye kiwele na miguuni. Baadhi ya ng'ombe walioambukizwa hawaoti vinundu kabisa. Kwa hiyo kumtazama mnyama mnadani hakutoshi.

Unavyoenea

Waenezaji wakuu ni wadudu wanaouma: nzi wa zizini, mbu na kupe. Sindano moja ikitumika kwa ng'ombe wengi nayo hueneza. Wadudu huusogeza ugonjwa taratibu, umbali mfupi. Unaporuka mamia ya kilomita kwa siku moja, kwa kawaida umesafiri na ng'ombe ndani ya gari.

Utafiti wa Uganda

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia taarifa za mwaka 2002 hadi 2016. Ulihesabu milipuko 1,161, katika wilaya 55 kati ya 56 zilizochunguzwa. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, ulipima damu ya ng'ombe 2,263 katika wilaya 21. Alama za maambukizi zilipatikana kwa asilimia 8.7 ya ng'ombe, lakini katika asilimia 72.3 ya makundi. Maana yake ni kwamba ng'ombe waliopata virusi ni wachache, ila wametawanyika karibu kila mahali. Kunywesha kwenye maji yanayotumiwa na makundi mengi ni moja ya mambo yaliyoongeza hatari. Anayekusanya ng'ombe kutoka mazizi kumi kwenye lori moja anajiongezea hatari ya aina hiyo hiyo.

Chanjo na tiba

Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Daktari wa mifugo hutibu homa na vidonda, mara nyingi kwa antibayotiki. Nyama na maziwa ya mnyama huyo yasiuzwe mpaka siku za dawa kuisha mwilini zitimie.

Chanjo ipo, na Taasisi ya Kuzalisha Chanjo za Mifugo ya Kenya (KEVEVAPI) ni mmoja wa watengenezaji. Hurudiwa kila mwaka na huhitaji ubaridi wakati wote. Kinga kamili huchukua takriban wiki tatu kujengeka, hivyo kumchanja ng'ombe asubuhi ya kumpakia hakumkingi safarini.

Mashariti ya kuvusha mpaka

Kwa ng'ombe wanaotoka nchi yenye ugonjwa, mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani unataka mnyama asiwe na dalili siku ya kupakiwa, awe amechanjwa kati ya siku 60 na mwaka mmoja kabla ya safari, na akae karantini siku 28. Kila nchi hutoa kibali chake cha kuingiza mifugo. Ni vyema kukipata, pamoja na cheti cha afya na kibali cha kusafirisha, kabla ya kununua.

Nyama na ngozi

Binadamu hapati mapele ngozi, na nyama iliyokaguliwa haina kizuizi kwa sababu ya ugonjwa huu. Ngozi mbichi ni jambo jingine, kwa kuwa virusi huweza kuishi katika magamba ya vidonda hadi siku 35. Ngozi itiwe chumvi na kukaa angalau siku 14 kabla ya kusafirishwa.

Magonjwa mengine ya kutofautisha

Ugonjwa wa miguu na midomo huenea kwa pumzi, mate, viatu na magurudumu, na mara kwa mara umefunga minada ya Uganda. Lori lisafishwe na kupuliziwa dawa kila baada ya kushusha.

Homa ya mapafu huambukiza kwa pumzi, na msongamano ndani ya lori huisaidia.

Ndigana kali huletwa na kupe na haiambukizi kwa ng'ombe kugusana. Kuogesha kabla ya safari hupunguza kupe.

Mwenye kuona vinundu njiani asishushe wala kuuza ng'ombe barabarani. Amtenge mnyama inapowezekana na kumwarifu daktari wa mifugo wa wilaya aliyo karibu naye. Akimwuza kwa bei ya kutupa, ugonjwa huhamia kundi jingine, na mnada unaofungwa baadaye huwa ule ule anaoutegemea.