Kupandisha megahetsi au kushusha wati? Somo kutoka Bunda

Haya wadau, wiki hii habari za UE na bumu naziweka pembeni. Huku bwenini kumezuka ubishi: hizi laptopu zetu za mtumba tulizonunua Musoma mjini, zenye grafiki iliyochomekwa humo humo na kula memori ya mashine, zinaweza kupandishwa kasi kwa Linux au ni porojo? Swali hilo lina historia, na kipande chake kitamu kiko hapa hapa Mara.

Tuanze na mashine. Mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC, kijilaptopu cha bei poa kilichouzwa na Linux ndani. Prosesa yake ilikuwa ya megahetsi 900, ila kiwandani waliibana ikawa inakwenda 630. Jamaa wa Linux wakaandika moduli ya kerneli ya kuifungua. Vijilaptopu vilivyofuata vikaja na grafiki ya Intel GMA 950, ambayo kwenye kompyuta za mezani ilikwenda megahetsi 400, lakini huku ikabanwa kwenye 166. Watu wakaivumbua tena: unaandika amri ya setpci, unabadili namba mbili tatu kwenye rejista ya chipu, na gemu linaanza kukimbia. Ukizima mashine, inarudi kama zamani. Kumbe wengi hawakuwa wanavuka kipimo, walikuwa wanadai kilichobanwa!

Kwa nini kibanwe? Joto na betri. Umeme unaoliwa na chipu unapanda pamoja na kasi, na ukiongeza volti ndiyo balaa, maana huo unapanda kwa mraba wa volti. Kwenye laptopu nyingi za Intel zilizokuja baadaye, Linux inakuonyesha faili la gt_max_freq_mhz. Unaweza kulishusha au kulipandisha, ila huvuki dari la kiwandani.

Sasa hapo kwenye umeme ndipo tunarudi nyumbani. Kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500, iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ya Mwalimu, mtoto wa Butiama, ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Siku hizi watu wanacheka. Mimi naona ndani ya marufuku ile kulikuwa na swali la maana: mashine hii inakula nini, na inamfaa nani?

Jibu moja lilipatikana Bunda. Mwaka 2006 ulianza mradi wa ICT4RD, wa DIT, COSTECH na chuo cha KTH cha Stockholm, kwa msaada wa Sweden. Wakatumia faiba zinazopita na nyaya za TANESCO kujenga mtandao wa wilaya za Bunda na Serengeti, wa kuhudumia hospitali, shule na ofisi za wilaya. Hawakwenda kununua ruta za bei ya kuua. Walichukua vifaa vya kompyuta za kawaida wakavitia Linux iitwayo Bifrost, kazi ya Robert Olsson wa Sweden. Huyu ni mmoja wa walioandika NAPI, utaratibu unaoiwezesha kerneli kupokea pakiti kwa mafungu, badala ya prosesa kushtuliwa kwa kila moja. Yaani kasi ilitafutwa kwenye programu, sio kwenye megahetsi.

Lakini ruta bila umeme ni boksi tu. Gridi ikikatika, hospitali nayo inapotea hewani. Mwaka 2011 Amos Nungu, ambaye baadaye aliongoza COSTECH, pamoja na Olsson na Björn Pehrson, waliandika juu ya tatizo hilo hilo la kuupatia umeme mtandao wa vijijini. Njia yao ilikuwa kuanza na vifaa vinavyokula wati chache. Ukishusha ulaji, betri na sola zinatosha kukubeba.

Kwa hiyo ubishi wa bwenini mimi naumaliza hivi. Mwenye GMA 950 na umeme wa ukutani, pandisha, ni haki yako, ila angalia joto. Lakini siku umeme umekata na kesho una pepa, faili lile lile la kupandishia ndilo la kushushia. Shusha, notsi zisomeke mpaka usiku wa manane. Watu wa Bunda walishaona kwamba mashine inayowaka polepole inaishinda ya kasi iliyozimika.