Siri ya Mtungi Muulize Kata

Historia tuliyosoma shuleni ilikuwa ya vita, mikataba na wafalme. Tulikariri miaka, tukajibu mtihani, tukasahau. Lakini hata simu iliyopigwa na mtu mwenye kiu ya pombe, katika hoteli ya ugenini, nayo ni historia. Hebu tuitazame, ndugu msomaji.

Ni Mei 1935. Mji ni Akron, Ohio, Marekani, mji wa viwanda vya matairi. Jamaa mmoja wa New York, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alikwenda huko kugombea uongozi wa kampuni akabwagwa. Mfukoni alibaki na kama dola 10. Akawa anazungukazunguka ukumbini mwa hoteli ya Mayflower. Upande mmoja baa, vicheko vinasikika. Upande wa pili simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji.

Wilson alikuwa mlevi hasa, si wa sikukuu. Alikuwa ameacha Desemba 1934, baada ya kulazwa hospitali huko New York. Tangu hapo aliwafuata walevi wenzake, akawasemesha, akawakaribisha mpaka nyumbani. Kwa miezi mitano hakuna hata mmoja aliyeacha. Lakini mkewe, Lois, alimwonyesha jambo: wale wameendelea kulewa, ila wewe hujagusa.

Siku ile Akron, basi, alijua anachokitafuta. Alitaka mlevi mwenzake wa kuongea naye, la sivyo atazama. Akampigia mchungaji, akapewa majina kama 10, akapiga moja baada ya jingine mpaka akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling. Mama huyo alimjua mlevi: daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye wengi humwita Dr. Bob.

Walikutana Jumapili, tarehe 12 Mei. Daktari alikwenda shingo upande, bado anaumwa na pombe za jana yake, akasema atakaa dakika 15 tu. Waliingia chumbani saa kumi na moja jioni. Walipotoka saa tano usiku ilikwishapita.

Nini kilimweka pale? Mawaidha alishayasikia ya kutosha. Ila baadaye alieleza kwamba Wilson alikuwa mtu wa kwanza kuongea naye ambaye aliujua ulevi kwa kuupitia. Wazee wetu walishasema: siri ya mtungi muulize kata.

Msidhani alipona palepale. Alianguka tena safarini, akarudi hoi. Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1935 alikuwa na mgonjwa wa kumpasua, na mikono inatetemeka. Wilson akampa bia ya kuzimua. Ikawa ya mwisho. Smith alifariki 1950 bila kuonja tena, na siku ile ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wasiotangaza majina yao. Hawakukaa kusherehekea, walikwenda hospitali kutafuta mlevi wa tatu.

Nayaandika haya kwa sababu upande wa pili nimeuona kwa macho. Baba yangu mdogo aliitwa kikao cha ukoo mara tatu. Wazee walisema, mashangazi wakalia, yeye akainamisha kichwa na kuapa. Wote walimpenda. Lakini katika chumba kizima hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuamka alfajiri mikono ikimcheza, akiwaza atapata wapi ya kuzimua. Aliapa mbele ya watu wasiojua anaapia nini.

Turudi Marekani. Swali likawa: mlevi wa mji wa mbali atawapataje hawa watu? Mwaka 1939 walitoa kitabu chenye jina la umoja wao, wakaweka ndani sanduku la posta la New York. Machi 1941 gazeti la Saturday Evening Post likaandika habari zao, na barua zikamiminika kwa maelfu. Zilijibiwa, na aliyeandika akaelekezwa kwa mwanachama wa jirani. Mwanzoni mwa mwaka ule walikuwa kama 2,000. Mwishoni kama 8,000. Ada hapakuwa na ada. Sharti la kuingia lilikuja kuwa moja tu: uwe unataka kuacha pombe. Leo wamo katika nchi zipatazo 180, na Nairobi ni mmoja wa miji yenye mikutano yao.

Sasa nageukia kwetu sisi tunaoshika kalamu. Mlevi wa hadithi zetu na michezo yetu ya kuigiza ni wa kuchekwa: anayumba, anatukana, anaangukia mtaroni, watazamaji hoi kwa vicheko. Akishaanguka tunamwacha palepale, tunaendelea na mapenzi ya wengine. Mimi riwaya ninayoiandika ina mlevi, na nimeamua asubuhi yake niiandike pia.

Mtaani kwetu, ukiuliza kilabu cha pombe kiko wapi, hata mtoto wa darasa la kwanza atakushika mkono akupeleke. Muulize mtu mzima wanakokutana walioacha. Kama wewe msomaji unapajua, mwambie mmoja. Simu ya Akron haikufanya zaidi ya hapo.